Kutomwamini Jamali kwa Kizungu

Jumapili, 1 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu ya hasira. Hasira inataka pa kwenda, na mimi sina ruhusa ya kwenda popote.

Ni siku ya sabini na moja tangu mume wangu Ismail afariki kwa presha, kwa hiyo ni siku ya sabini na moja niko eda. Nyumba ni hii ya familia yao, hapa Kibamba, na ninaishi na mama yake, Bi Somoe. Mipaka yangu ni chumba, sebule na ua wa nyuma. Nje ya geti sitoki. Hina, wanja, manukato na hereni vimo kwenye mkoba juu ya kabati. Shemeji yangu Jamali, mdogo wake Ismail, akija hukaa barazani, mimi hukaa sebuleni, na katikati yetu kuna pazia la maua ya zambarau. Nasikia sauti tu. Uso wake sijauona tangu siku ya maziko.

Leo alikuja kabla ya futari, na tende na tikiti maji. Ismail alikuwa mchonga vinyago na mimi ndiye niliyekuwa nauza, kwenye banda letu la Mwenge. Sasa bandani anakaa Jamali, ambaye naye ni mchongaji.

"Shem, sokoni pamepoa," akasema. "Mvua hizi zimefukuza wazungu wote."

"Mh," nikajibu.

Mjane ana "mh" tu. Zamani ningemwambia "Weee!" au "Kamba hizo, wapelekee wengine," na tungecheka wote. Sasa nikisema hivyo mbele ya mama mkwe nitakuwa nimemwita mwanawe mwongo ndani ya matanga ya ndugu yake. Basi nikamjibu moyoni, kwa Kiingereza: Yeah, right.

Neno hilo nililipata bandani. Miaka kumi na mbili nimewauzia watu wasioamini. Hawaamini bei, hawaamini mti, hawaamini kwamba aliyechonga ni yule bwana aliyekaa pale na kandambili. Na wana maneno ya kila namna ya kusema hawaamini bila kugombana na mtu. Yeah, right: maneno mawili ya kukubali, ukiyatamka pamoja kwa sauti ya uvivu yanakataa. Ismail alipenda sana nikimweleza hayo.

Kwa hiyo nitaandika kila anachoniambia Jamali, na pembeni nitaweka jibu langu la Kizungu. Mama anasoma Kiswahili na anasoma Kurani, ila Kiingereza hasomi. Cha Jamali kinaanzia kwenye "hello my friend" na kinaishia hapo hapo.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Nimefunga, nimefuturu, nimelala.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemkumbuka yule bibi mwenye kofia ya majani, aliyeshika kinyago cha Ismail akauliza: "Is it really ebony?" Hiyo "really" aliivuta mpaka ikawa ndefu kama foleni ya Ubungo. Alikuwa na haki yake. Wapo wanaochukua mti laini, wakaupaka rangi ya viatu, wakauza kwa jina la mpingo. Ismail hakubishana naye. Alikipindua kinyago, akakwangua chini kwa ncha ya kisu, akamwonyesha: weusi mpaka ndani. Bibi akasema "Well, I never!" kwa mshangao, akanunua viwili.

Natamani watu nao wangekuwa na mahali pa kukwangulia.

Jumanne, 10 Machi

Leo Jamali kaja na jambo.

Kamati ya soko inaandikisha upya wenye mabanda. Kila mwenye banda aende mwenyewe, na kitambulisho, apigwe picha na aweke alama ya kidole. Kuwakilishwa hakuna. Kwa aliyefariki, mrithi ndiye aende. Mwisho ni tarehe 30 Aprili saa kumi jioni, na banda lisilo na mtu litagawiwa kwa walio kwenye orodha ya kusubiri.

"Usiwe na wasi, shem," akasema. "Muda upo."

Alipoondoka nikachukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa. Ismail alifariki tarehe 21 Desemba. Eda ni miezi minne na siku kumi. Miezi minne inafika 21 Aprili, siku kumi juu yake zinanifikisha 1 Mei. Nikahesabu tena kwa vidole. 1 Mei. Ofisi inafungwa Alhamisi, mimi natoka eda Ijumaa, tena ni Mei Mosi na kila kitu kimefungwa.

Nikampelekea mama kalenda jikoni, alikokuwa anakanda unga wa maandazi. Mimi nimesilimu ili niolewe. Kwetu Ndanda niliitwa Flaviana, na sokoni wananiita hivyo mpaka leo, ila mama ananiita Faudhia. Mambo ya dini yote nimefundishwa na yeye: kutawadha, kusali, hata namna ya kumuosha maiti wa kike. Nikamwonyesha tarehe.

Aliitazama muda mrefu, mikono imejaa unga.

"Umehesabu vizuri, mwanangu," akasema.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Lile banda ndilo kazi yangu, na sina nyingine. Sikuzaa na Ismail. Likienda, sina hata kisingizio cha kubaki Dar es Salaam. Na atakayekuwa amekaa pale siku ya mwisho ni Jamali, ambaye ameniambia nisiwe na wasi. You don't say. Ni kama kusema "kumbe!" kwa kejeli, nalo ni la mzee mmoja wa Scotland, akilitumia kila Ismail alipotaja bei.

Jumatano, 11 Machi

Nimempigia simu katibu wa kamati. Ana heshima, amenipa pole. Amesema tarehe wameshaisogeza mara mbili na haitasogea tena.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ua umekuwa bwawa, nimesimama kwenye kizingiti kama kuku. Nimehesabu hatua za mpaka wangu: kutoka kitandani hadi ukuta wa nyuma ni thelathini na nne. Nimezitembea mara nyingi mpaka mama akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Jumamosi, 21 Machi. Idi

Nyumba nzima inanukia udi na pilau. Mimi nimevaa dera langu la kijivu lilelile. Mama alikaa nyuma yangu akanichana nywele taratibu, akazisuka mabutu, bila mafuta ya kunukia. Mwishoni akaweka kiganja chake kichwani mwangu akakiacha hapo. Nilimpenda sana saa ile, na niandike hivyo hivyo: nilimpenda kama mama yangu mzazi.

Jamali kaja na kuku wawili. "Idi njema, shem. Nimekuombea." I bet you have. Ndiyo, bila shaka umeomba.

Jumamosi, 28 Machi

Adelina kanipigia. Ni jirani yangu wa banda, anauza vikapu, mtu wa Peramiho, maneno yake hayana breki.

"Dada Fla, mie sitaki umbea, lakini kibao chenu hakipo."

"Kibao gani?"

"Si kile cha majina yenu! Cha Ismail na Flaviana. Jana nimekuja asubuhi, pale juu peupe. Na juzi nilimwona Jamali na mkanda wa fundi anapima banda, mbele, nyuma, mpaka juu."

Nikakaa kitandani. Kile kibao Ismail alikichonga kwa mninga mwaka tuliooana.

Jioni Jamali alipokuja nikamwuliza kupitia pazia, kwa sauti ya kawaida, kama ninayeuliza habari za mvua. Akasema upepo umekiangusha, kikapasuka, amekipeleka kwa fundi Gervas kikaungwe. Na alikuwa anapima kwa sababu paa linavuja na vinyago vinalowa.

"Ahaa," nikasema. "Pole kwa kazi."

My foot! Hili ni la yule Mwingereza mwenye ndevu. Ismail alimwambia kinyago ni cha miaka mia, jamaa akacheka akasema "A hundred years, my foot," na Ismail akatazama mguu wake kuona kama umeumia. Tulicheka wiki nzima. Sasa nalisema peke yangu na mguu hauumi, kinachouma ni kwingine.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Katika orodha ya Jamali nina majibu kumi na tisa.

Jumapili, 5 Aprili

Dari la chumba changu limeanza kuvuja juu ya kitanda. Jamali kaja na bati moja na misumari, akapanda. Saa nzima nimekaa chini yake nasikiliza anavyotembea, bati linaguna, naye anapiga nyundo na kuimba singeli. Ajabu ya kukaa eda: mtu unaweza kujua uzito wake, mwendo wake na kikohozi chake, usijue anakutazama kwa macho gani.

Alipomaliza akasema kutoka barazani: "Shem, ikivuja tena nambie, mie nitakuja hata usiku."

Bati lilikaa kimya, halikuvuja. Nikatafuta neno la kumwandikia nikakosa, nikaandika "Hm." Halafu nikakasirika kwamba nimekosa.

Jumapili, 12 Aprili

Leo ameniletea mtego wazi wazi.

"Shem, nimemuuliza shehe wa msikiti wetu kule Kimara. Anasema mwenye eda akiwa na shida ya lazima anaruhusiwa kutoka mchana, anafanya jambo lake, anarudi kulala nyumbani kwake. Hii ishu ya banda ni ya lazima. Twende kesho tumalize."

Kabla sijafungua kinywa mama akasema, kwa ukali ambao sijausikia kwake hata siku moja: "Jamali! Usimtie mwenzio dhambini. Mwanamke wa eda hatoki."

"Mama, nimeambiwa na shehe mwenyewe."

"Shehe wako ni wa Kimara. Ismail amefia Kibamba."

Sikuelewa hiyo ina maana gani, na nadhani Jamali naye hakuelewa.

Nimelala chali nikiipima. Nikitoka, jirani yeyote ataniona, maana mtaa huu una macho kuliko madirisha. Itasemwa mke wa Ismail, yule aliyesilimu kwa ajili ya ndoa, hata eda imemshinda. Baada ya hapo nani kwenye familia atanitetea kuhusu banda? Jamali hatahitaji kuninyang'anya kitu. Nitakuwa nimemkabidhi mwenyewe. Na mama, Mungu ambariki, ameliona hilo kabla yangu.

Come off it, Jamali, acha hizo. I wasn't born yesterday. Hilo la pili linamaanisha kwamba sikuzaliwa jana, nina akili zangu. Kijana mmoja wa Kanada alimwambia Ismail hivyo, na Ismail akamwuliza kwa adabu kabisa: basi ulizaliwa lini?

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua ilikatika saa kumi na mbili jioni. Baada ya magharibi mama alitoka uani na khanga kichwani, akasimama kwenye tope, akaangalia mbinguni upande wa Kibaha. Nikamwuliza anatafuta nini.

"Naangalia kama mawingu yataachia," akasema.

Aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu. Nikamchemshia chai ya tangawizi, nikamsugua miguu. Amezeeka miezi hii. Jamali anaweza kuwa vile alivyo, ila huyu mama hana lawama.

Jumatano, 22 Aprili

Adelina amenipigia kwamba nusu ya soko wameshaandikishwa. Yeye picha yake imetoka amefumba macho. "Njoo dada, hata kwa kujifunika gubigubi." Nikamwambia sisi tuna utaratibu wetu. Akasema sawa, ila alisema kwa namna ya kutoamini kwamba mtu mzima anafungwa na siku nane.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua. Hatua thelathini na nne.

Jumanne, 28 Aprili

Nataka niandike hii yote jinsi ilivyokuwa.

Jamali kaja baada ya sala ya magharibi. Hakusalimia kama siku zote. Alisema: "Shem, eda yako imeisha."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Imeisha leo, jua lilipozama. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya duka la dawa. Inahesabiwa kwa mwezi kuandama. Braza alifariki siku ile Rajabu ilipoandama, unakumbuka? Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi, hiyo minne. Mfunguo Pili imeandama Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Siku kumi zimetimia leo. Kesho Jumatano, keshokutwa Alhamisi, unazo siku mbili nzima. Nakuja saa tatu na bajaji."

Alisema haraka haraka, kama mtu aliyekariri njiani. Na mimi kila aliposema neno nilizidi kuganda. Mbona ni leo? Mbona miezi minne yote hakusema, na mbona amekuja na hesabu inayomalizika siku mbili tu kabla ya mwisho, wakati ile ya kuruhusiwa mchana imegonga mwamba? Mtego wa kwanza haukunasa, kaleta wa pili.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?" nikamwuliza.

"Nilijua unajua! Si unakaa na mama? Mie nilijua mama kakwambia. Jana ndiyo Adelina ananambia eti unatoka Mei Mosi. Nikashangaa."

Nikamgeukia mama. Alikuwa kwenye mkeka, tasbihi mkononi.

"Mama, eti ni kweli?"

Mama alitazama tasbihi. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Wewe si una hesabu yako, mwanangu," akasema.

"Mama!" Jamali kule nje alisimama, niliona kivuli kwenye pazia. "Mama, si umwambie! Wewe ndiye uliyetufundisha hizi hesabu, toka tuko wadogo kule Mikindani!"

Mama alianza kulia bila sauti. Nilipomwona analia, damu ilinipanda. Mzee wa watu amezika mtoto, halafu huyu anakuja kumpigia kelele kwenye baraza ya marehemu, anamlazimisha ashuhudie uongo wake. Nikafanya jambo ambalo sijalifanya siku zote hizi. Nililisema kwa sauti.

"Pull the other one, Jamali."

"Ndiyo nini hiyo?"

"It's got bells on."

Ni msemo wao wa kumwambia mtu: umenivuta mguu huu kunichezea, sasa vuta na ule mwingine, una kengele. Nilifurahi kuusema, sitadanganya. Miezi minne nimemeza, na ilinitoka safi, mbele ya mama yake, wala hakuna aliyetukanwa.

Jamali akasema kutoka nje, taratibu: "Kizungu sijui, shem. Ila sauti nimeielewa." Kisha nikasikia kandambili zake zinakwenda kwenye tope.

Jumatano, 29 Aprili

Saa tatu bajaji ilikuja kama alivyosema. Ilisimama nje ya geti. Hakuingia, wala hakuita. Mvua ilianza saa nne. Kila nikipita dirishani nasikia injini imezimwa na turubai linapigwa na maji. Saa sita na dakika ishirini ikawaka ikaondoka.

Mama hakula mchana. Mimi pia sikula.

Nimejaribu kumtafuta ustadhi aliyenisilimisha. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya Ismail, na simu ya Ismail ilichukuliwa na Jamali siku ya arobaini. Angalia sasa. Hata hilo.

Alhamisi, 30 Aprili

Bajaji imekuja tena saa tatu. Imeondoka saa saba.

Saa kumi jioni ofisi imefungwa.

Ijumaa, 1 Mei

Mama aliniamsha alfajiri. Alikuwa amepasha maji moto kwenye sufuria kubwa, ametia majani ya mkunazi, ametandika mkeka kule bafuni uani. Ndivyo mjane anavyotolewa eda, kwa kuogeshwa. Nilikaa kwenye kigoda, akaanza kunimwagia maji kwa kata, kichwani, mabegani. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini. Halafu dua ikakatika.

"Faudhia," akasema. "Maji haya yalikuwa ya Jumanne."

Niligeuka nikamtazama. Kata ilikuwa hewani.

"Jamali alisema kweli. Na ile ya kutoka mchana pia ni kweli. Nilijua tangu ulipokuja na kalenda yako pale jikoni."

Nilipangusa maji machoni nimwone vizuri.

"Nilikuwa nahesabu kwa mwezi kila ulipoandama," mama akasema. "Nikiona unaisha, naona mwanangu naye anaisha. Wewe huna mtoto hapa. Ukitolewa eda unarudi kwenu Ndanda, unaolewa, haki yako. Mkeka unakunjwa, watu hawaji tena kutoa pole. Anabaki nani wa kukaa na Ismail? Mie peke yangu. Nikasema siku tatu. Nikuibie siku tatu tu. La banda sikulifikiria, Wallahi, na nilipolifikiria nilishasema, nikaona haya."

"Jumanne ungesema, mama. Nilikuuliza."

"Kabla sijapata ujasiri ulishamtukana. Na mie nilifurahi kwamba unaniamini mimi."

Akaendelea kunimwagia maji kwa sababu haikuwapo njia nyingine ya kumaliza kilichoanzwa. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe haikujua imshike nani. Yeye nilimwamini bila kukwangua, hata mara moja. Ningeweza kumwuliza mama wa nyumba ya pili, ningeweza kumwuliza muuza maziwa. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na uhakika, na uhakika wangu wote ulikuwa kwamba Jamali ni mwongo. Kwenye jambo lile la kazi yangu, la kupima nani anasema kweli, nimefeli kuliko watalii wote.

Saa nne Jamali alikuja. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani na nimelitoa pazia. Tulitazamana. Amekonda, ana ndevu ambazo sikuzijua, na macho ni ya Ismail kabisa. Niliona anafikiri mahali pa kuelekeza macho yake.

"Shikamoo mama," akasema kuelekea ndani. Mama aliitikia kutoka chumbani, hakutoka.

"Jamali," nikasema. "Nisamehe."

"Yameisha, shem."

"Mama ameniambia."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na bahasha ya kaki, ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Alinipa kwa mikono miwili. Ndani mna karatasi ya kamati yenye mhuri, namba ya banda letu, picha yake yeye, alama ya kidole chake yeye, na jina: Jamali.

"Jana nilisubiri pale ofisini mpaka saa tisa na nusu," akasema. "Kwenye orodha kulikuwa na watu sita wamesimama wanalitolea macho. Katibu akasema kama hakuna mtu, analigawa. Mie nami ni mrithi wake, nikaandika jina langu, nisingeweza kuliacha. Ila ni lako, shem. Kiti ni chako, funguo hizi hapa, mie nitarudi kwenye kuchonga. Wakifungua uandikishaji mwingine tunabadilisha."

"Watafungua lini?"

"Wanasema baada ya miaka mitano."

Alinitazama, akisubiri. Nilitafuta kitu usoni mwake, na uso nilioutamani miezi minne ulikuwa uso tu, wa mtu aliyechoka, haukunionyesha chochote ambacho sauti haikuwa imenionyesha.

"Ni lako," akarudia. "Unaniamini?"

Nikachukua funguo.

"Nakuamini, shemeji," nikasema.

Sijui kama ni kweli. Kesho saa mbili nitakwenda kufungua banda la Jamali.